Aliyetoboa Gitaa la Jada

Neno la kwanza Nora alilomwambia Aliga lilikuwa tusi, na la pili lilikuwa tusi kubwa zaidi. Msomaji asidhani kwamba wawili hawa walianza kwa kutazamana na kuona haya.

Ilikuwa asubuhi ya soko mjini Arua, jua bado changa lakini watu wameshafurika hadi barabarani. Nora alikuwa ametoka Koboko, amevaa gauni la kitenge cha manjano na kilemba cha kitambaa hichohicho, na mgongoni amebeba gitaa la marehemu baba yake likiwa ndani ya blanketi. Alikuwa katikati ya kuvuka pale boda boda ilipomjia kutoka nyuma, imepakia spika kubwa kama kabati, na nyuma ya spika kijana mmoja ameikumbatia kwa mikono miwili. Kona ya spika ikaligonga gitaa. Ndani ya blanketi nyuzi zikalia.

"Wewe iko kipofu?" Nora akapiga kelele. "Hapana ona mutu?"

"Mutu naona," kijana akajibu akiwa bado ameikumbatia spika yake. "Lakini mutu natembea katikati ya barabara na godoro mgongoni, mimi nafanya nini?"

"Godoro? Hii iko gitaa ya baba yangu! Punda wewe!"

"Basi ambia baba yako abebe yeye mwenyewe."

"Baba yangu iko kaburini."

Kijana akasema "Pole" kama mtu anayemtupia mbwa mfupa, akampiga dereva begani, na boda boda ikaondoka. Nora akafyonza kwa sauti hadi mwanamke aliyekuwa anauza samaki wakavu kando ya barabara akacheka.

"Mama," Nora akamuuliza, "hapa iko fundi moja, jina yake Aliga. Naweka umeme kwa gitaa. Kibanda yake iko wapi?"

Yule mwanamke, Fatumah, akanyoosha midomo kuonyesha mlango wa tatu kutoka pale alipoketi. Nje ya mlango ile spika kubwa ilikuwa inateremshwa kutoka kwenye boda boda.

"Kuja," Fatumah akasema, machoni amejaa kicheko. "Punda yako iko ndani."

Kama si shida, Nora angegeuza njia palepale. Lakini shida alikuwa nayo. Santino, mwalimu wa kwaya kule Koboko, alikuwa amemwambia mbele ya wenzake: "Nora, gitaa yako mimi naona kwa macho tu. Masikio hapana pata kitu." Kanisa lilikuwa limepata kinanda cha umeme, na sikukuu ya mavuno ilikuwa inakaribia, watu wa parokia nzima uwanjani. Gitaa likifika mavuno bila waya, Nora atasimama na waimbaji na gitaa litabaki nyumbani limetundikwa ukutani. Na kwaya hiyo aliyeianzisha ni Jada, baba yake, kwa gitaa hilohilo, walipovuka kutoka Sudani Kusini na kulala chini ya maturubai. Nora alikuwa radhi kukosa mengi duniani, lakini si kuliona gitaa la Jada likinyamazishwa na kinanda.

Kulikuwa na sharti moja. Gitaa lilinunuliwa na Loku, kaka mkubwa wa Jada, enzi zile akiendesha malori ya Juba. Loku alimpa mdogo wake, na hadi leo hupenda kusema: "Nimegawa vitu vingi katika ukoo huu. Aliyetunza ni Jada peke yake. Hakukitia hata mkwaruzo." Loku aliruhusu umeme, ila alisema gitaa lisitobolewe.

Ndani ya kibanda mlinuka risasi ya kulehemu na vumbi la redio kuukuu. Aliga alikuwa kijana mrefu mwenye mwanya, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi kama anakwenda kortini.

"Karibu kwa punda," akasema.

Nora akalifungua blanketi. Aliga akalipokea gitaa kwa mikono miwili, na Nora, pamoja na hasira yake, akaona kwamba mikono hiyo ililipokea vizuri. Aliga akaukwaruza uzi mmoja kwa ukucha, akainua nyusi.

"Hii hapana nyuzi ya gitaa. Hii iko waya ya breki ya baiskeli."

"Baba naweka. Kama wewe nataka cheka, mimi naondoka sasa."

"Nani nacheka?" Akachukua kipande cha sumaku mezani, akakisogeza karibu na uzi, uzi ukatikisika kukifuata. "Naona? Pikapu iko sumaku, mimi navisha hapa kwa mdomo ya gitaa. Nyuzi ya duka, ile ya rangi ya shaba, sumaku nashika kidogo tu. Hii iko chuma mtupu. Hii itaimba mpaka Kongo watasikia. Baba yako iko mutu ya akili sana."

Tangu Jada azikwe, watu walikuwa wamemsifu kwa uchaji wake na upole wake. Hakuna aliyekuwa amemsifu kwa akili. Nora akamtazama yule kijana vizuri kwa mara ya kwanza, na akakasirika kwa kuona kwamba ni mzuri.

"Shida iko waya," Aliga akaendelea. Akaligeuza gitaa na kugonga kitako chake, pale Jada alipokuwa amepigilia kipande cha ngozi cha kufungia mkanda. "Hapa nyuma, chini ya ngozi, mimi natoboa tundu ndogo—"

"Hapana toboa!"

"Basi waya natoka kwa mdomo, nalala hapa mbele ya kifua yako kama mrija ya hospitali. Mbaya sana."

"Mbaya iko yangu."

"Kichwa yako iko ngumu."

"Na mdomo yako iko mrefu. Apa."

Aliga akamtazama, akaona hataniwi. Akainua mkono. "Haki ya Mungu. Gitaa ya baba yako, mimi hapana toboa." Fatumah alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa samaki, akawa shahidi bila kuombwa.

Pikapu ilikuwa inasubiriwa kutoka Kampala, na basi la Kampala lina mambo yake. Kila siku alasiri simu ya Nora ililia.

"Gitaa nalala vizuri?" Nora huuliza badala ya salamu.

"Gitaa nalala. Mwenyewe ndiyo nasumbua."

"Pikapu nafika?"

"Bado. Leo wewe navaa nini?"

"Gunia."

"Gunia ya rangi gani?"

Nora huziba simu kwa kiganja ili asisikike akicheka. Halafu pikapu ikafika, na simu hazikukoma. Nora akaanza kupata safari za Arua zisizo na sababu: uzi wa kushonea, dawa ya panya, mara sabuni, kana kwamba Koboko hakuna sabuni. Walikula enyasa, ugali wa muhogo, na samaki wa angara kwenye kibanda cha chakula nyuma ya soko, Aliga akimchambulia miiba huku akimtukana kwa kula polepole. Huko ndiko alikomweleza habari ambayo hakumwambia mtu mwingine. Baba yake, mkulima wa Ajia, alimfukuza shambani siku alipomkuta amefungua redio ya jirani badala ya kupalilia mihogo. Alimwambia mbele ya ndugu zake kwamba hakuzaa mtu, amezaa takataka. Hawajazungumza tangu siku hiyo.

"Mimi napenda wewe, Nora," alisema siku hiyohiyo akinawa mikono. "Hata kama wewe iko kali kama pilipili."

"Wewe naambia hivyo kila mutu naleta gitaa."

"Hapana. Wengine naleta redio."

Nora akampiga kwa kilemba chake. Lakini aliporudi Koboko, mama yake alimuuliza kwa nini anaimba akifua.

Ndipo siku moja Aliga akapiga simu na sauti yake haikukaa mahali pamoja. "Kuja kesho. Kazi naisha. Na iko kitu nataka onyesha wewe. Kwa simu mimi hapana sema. Nataka naona uso yako."

Nora akajua ni nini. Mwanamke akiambiwa hivyo anajua. Kesho yake akavaa sketi nyeusi na blauzi nyeupe ya lesi, akatia hereni ambazo huzitoa Krismasi tu, akapanda gari la Arua na moyo wake ukitangulia mbele.

Gitaa lilikuwa mezani, limegeuzwa kitako mlangoni. Ngozi ya baba yake haikuwepo. Mahali pake palikuwa na tundu, na ndani ya tundu pete ya chuma inayong'aa, ya kuchomekea waya.

Nora hakuona kitu kingine. Hakuiona sura ya Aliga iliyojaa furaha, wala hakukiona kikopo kidogo cha bati alichokishika.

"Nora, ngoja, ngoja kwanza, ona hii—"

"Naona! Macho iko! Wewe naapa hapa, Fatumah nasikia, na wewe natoboa! Mwongo! Mutu ya Arua yote iko hivi?"

"Sikia mimi kidogo—"

"Mimi hapana sikia! Kama baba yangu iko hai, wewe hapana gusa. Wewe nafanya sababu mimi iko mtoto bila baba!" Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Wateja wa Fatumah walisimama na samaki mikononi. Nora alijua anachotaka kusema, na alijua hakisemeki, na ulimi hauna mfupa. "Ndiyo maana baba yako nafukuza wewe Ajia. Yeye najua. Yeye nasema kweli. Wewe hapana mutu, wewe iko takataka."

Aliga akakifunga kikopo, akakitia mfukoni kwa utulivu wa kutisha. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nani natoboa?" akasema, na sauti yake ikawafikia watu wote pale nje. "Mimi. Mimi natoboa gitaa ya baba yako. Sasa chukua, nenda."

Nora akalichukua, akaenda.

Alifika Koboko na sauti imemkauka, lakini ilimtosha kumweleza Baba Mkubwa Loku na uwanja mzima wa nyumba. Loku, mzee mwenye mabega ya dereva wa malori na subira ya dereva wa malori, alilitazama tundu, subira ikamwisha. "Mdogo wangu hakulitia hata mkwaruzo," akasema. "Huyo mtu akikanyaga Koboko, nitamtoboa yeye." Nora akaizuia namba ya Aliga kwenye simu. Alimchukia kwa nguvu zake zote, na nguvu hizo zilipoisha jioni alimtamani, akajichukia mwenyewe.

Mavuno yakakaribia. Kwenye mkesha wake, alasiri, Nora akaomba nta kwa jirani mwenye mizinga, akaipasha moto, akaketi kibarazani kuliziba lile tundu. Alikuwa ameamua. Atasimama na waimbaji, kinanda kilie, na gitaa la baba yake litundikwe likiwa zima. Alikuwa akishindilia nta kwa kijiti na machozi yakimdondoka juu ya mbao, mama yake, Agnes Keji, alipotoka jikoni.

"Nta hiyo umeipata kwa mwenye mizinga?" mama akauliza kwa Kikakwa.

"Ndiyo, mama."

"Baba yako naye aliiomba kwa mwenye mizinga."

Nora akainua kichwa. Mama akaketi kando yake, akalitazama lile tundu, na ghafla akaanza kucheka. Akacheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Ulikuwa bado unanyonya," akasema. "Alialikwa kupiga kwenye arusi kule Yei, arusi kubwa, akaogopa hatasikika. Akapata kipande cha simu ya jeshi, kile cha kuwekea sikio, akakigandisha ndani ya gitaa. Halafu akapasha nondo motoni mpaka ikawa nyekundu, akatoboa hapo nyuma apitishe waya. Nikamwambia, Jada, kitu cha kaka yako hicho! Hakusikia. Nilimnunia sikumpikia. Siku ya arusi akachomeka waya kwenye redio, ikalia kama fisi aliyebanwa na mlango. Bwana arusi mwenyewe alicheka. Basi akarudi, akaziba tundu kwa kigingi na nta, akapigilia ngozi juu, akaniapisha kwamba Loku asijue kamwe."

"Lakini Aliga alisema ni yeye."

"Wewe ulimwambia nini kabla hajasema?"

Nora akachukua koleo, akaifungua ile pete ya chuma. Chini yake ukingo wa tundu ulikuwa mweusi pande zote, mbao imeungua na kuwa mkaa. Drili ya umeme haichomi mbao hivyo. Lilikuwepo tangu mwanzo, na macho yake hayakulitazama. Akakumbuka kikopo cha bati, na akajua kilikuwa na nini.

"Nitamwambia baba mkubwa," akasema.

"Mwambie," mama akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Baba yako hakuacha mali. Aliacha neno moja zuri kinywani mwa Loku, kwamba anajua kutunza. Ukitaka kuliondoa, liondoe. Mwenyewe hayupo wa kujitetea."

Nora akaingia chumbani, akaifungua namba aliyoizuia, akapiga. Simu iliita hadi karibu ikatike.

"Nani?"

"Wewe najua nani."

"Mimi najua mwanamke moja, nasema mimi hapana mutu. Ndiyo yeye?"

"Ndiyo yeye. Mama naambia mimi. Baba mwenyewe natoboa, na chuma ya moto. Kwa nini wewe hapana sema?"

"Mimi naita wewe kuja ona. Mimi nashika kile kitu ya baba yako kwa mkono, nasema ngoja, ngoja. Wewe naacha mimi sema?"

"Hapana."

"Haya. Nasikia. Kwaheri."

"Aliga! Mimi nakosa. Samehe mimi."

"Ah. Sasa nasema polepole, sikio kwa sikio. Lakini tusi wewe nasema soko yote nasikia."

"Basi wewe nataka mimi nafanya nini?"

Kwenye simu kukasikika kitu kikichomekwa, na mvumo. "Sema tena," Aliga akasema. "Na nguvu. Simu iko mbaya."

Nora akafumba macho. "Aliga, mimi nakosa. Mimi natukana wewe bure. Nagusa mambo ya baba yako, kitu hapana gusa. Wewe iko mutu, na mutu mzuri kushinda mimi. Mpenzi, samehe mimi. Kuja."

Halafu akasikia, kwa mbali ndani ya simu, sauti yake mwenyewe ikivuma kama ya mhubiri: *samehe mimi, kuja.* Zikafuata kelele za watu, vigelegele, honi za boda boda, na sauti ya Fatumah ikipasua juu ya zote: "Ya salaam! Aliga, samehe yeye, mtoto nalia!"

"Aliga! Hiyo nini?"

"Spika. Ile nagonga gitaa yako. Mimi namaliza tengeneza leo. Sauti iko safi, hapana?"

Nora akamtukana kwa Kikakwa, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu cha Juba, na soko zima la Arua likashangilia kila tusi. Mvumo ulipokatika, akasema kwa sauti ndogo: "Iko kitu ingine. Mimi naweka nta ndani ya tundu. Ndani ya ile mahali ya waya."



"Nta."

"Nta ya nyuki."

"Nora, wewe iko adui ya umeme," Aliga akasema, na simu ikakatika. Hakusema kama atakuja.

Alikuja. Asubuhi ya mavuno alifika kwa pikipiki, shati jeupe limekuwa la rangi ya udongo, hakumsalimu mtu. Waimbaji walikuwa wameshajipanga chini ya turubai wakiwa na sare zao za zambarau, na Santino alikuwa anamwonyesha mpiga kinanda mahali pa kukaa. Aliga akalichukua gitaa, akapiga magoti nyuma ya spika ya kinanda, na kwa mshumaa, pini na chupa ya mafuta ya taa akaanza kuitoa nta tone kwa tone. Kabla ya kuanza, alimtupia Nora kile kikopo. Ndani kulikuwa na sikio la simu ya jeshi, limeota kutu, na kipande cha kigingi kilichoziba aibu ya Jada miaka yote hiyo.

"Loku hapana jua," Nora akamnong'oneza. "Mama nasema afadhali hapana jua."

"Kwa hiyo mimi nabeba?"

"Mimi hapana omba wewe beba."

"Hapana omba. Lakini naangalia mimi hivyo. Shika mshumaa."

Kivuli kikawaangukia. Alikuwa Loku mwenyewe, ametoka kiti cha mbele na fimbo mkononi.

"Ndiye huyu?" akamuuliza Nora.

"Baba mkubwa, acha tuimbe kwanza."

"Imbeni," Loku akasema. "Nitamsubiri hapa."

Santino akainua mkono. Nora akachomeka waya, akavuta pumzi, akapiga. Waya za breki za baiskeli zikatoka kwenye spika zikiwa kali na safi, zikaruka juu ya vichwa vya watu, zikafika hadi barabarani ambako madereva wa malori yanayoelekea mpaka wa Oraba wakapunguza mwendo. Mpiga kinanda alijaribu mstari mmoja, akaacha. Akina mama waliovuka na Jada walisimama wakiwa na vikapu vyao vya mihogo na ufuta, wakaanza kulia na kucheza kwa wakati mmoja, kwa maana mkono ule waliujua. Nora alilia naye akipiga. Aliposema amina na kutazama nyuma, Loku alikuwa palepale na fimbo yake, na Aliga alikuwa ameshawasha pikipiki. Kuna ushujaa, na kuna ujinga, na Aliga alijua tofauti yake.

Lakini mtu anayetaka mke hawezi kukimbia wakwe milele. Mwaka mpya ulipoingia, watu wa Ajia walikuja Koboko kuzungumza. Nora alikuwa ndani na shangazi zake, nyuma ya pazia la kitenge, kama inavyotakiwa, na kwa tundu la pazia aliwaona wakiketi kwenye mikeka. Mbele yao alikuwepo mzee mkavu mwenye kofia ya ukili, ametazama chini kama aliyeletwa kwa nguvu. Alikuwa baba yake Aliga. Wajomba walikuwa wamembembeleza wiki nzima.

Wakakwa na Walugbara, kila upande una lugha yake, kwa hiyo waliongea Kiswahili. Na kwa desturi, kabla ya mtoto kutajwa, wageni hulipa makosa.

"Kwanza makosa," Loku akasema. Akainua mkono, na gitaa likaletwa likalazwa mkekani, kitako mbele ya watu wa Ajia. "Hii mimi nanunua kwa ndugu yangu. Ndugu yangu natunza mpaka nakufa. Leo iko na tundu. Mimi nauliza mbele ya wazee: nani natoboa?"

Nora akanyanyuka. Mama yake akamshika mkono, hakumvuta, alimshika tu. Nje, mzee wa Ajia alikuwa amegeuza shingo na kumtazama mwanawe. Nora alilielewa lile jicho ingawa mwenyewe hakumjua. Lilikuwa linasema, nilijua utatuaibisha. Neno moja tu lingetosha kumsafisha Aliga mbele ya baba yake, neno la kweli, na Nora alikuwa nalo mdomoni.

Aliga akasimama. Alikuwa na koti jipya lililombana mabegani.

"Mzee, mimi," akasema. "Mimi natoboa."

Yalikuwa maneno yaleyale aliyomtupia Nora usoni sokoni Arua. Safari hii hakupaza sauti.

"Kwa nini?" Loku akauliza.

"Nataka watu nasikia."

Loku akainama, akaizungusha ile pete ya chuma, ikamfungukia mkononi. Akatia kidole ndani ya tundu. Alipokitoa, ncha yake ilikuwa nyeusi kwa masizi. Akakitazama kidole chake kwa muda mrefu, mzee yule aliyewahi kufungua injini na kulala chini ya malori, akijua vizuri kilichochomwa kwa nondo na kilichotobolewa kwa drili. Akainua macho kwa Agnes Keji, aliyekuwa amesimama mlangoni. Agnes Keji akatazama chini.

Loku akakifuta kidole kwenye suruali yake.

"Faini iko mbuzi dume," akasema, na sauti yake ilikuwa imekwaruza. "Nani nalipa?"

Yule mzee wa Ajia akainuka polepole, akavuta kamba ya mbuzi, akamleta mwenyewe hadi miguuni pa Loku. "Mimi nalipa," akasema. "Hii iko mtoto yangu."

Nora alikuwa analia nyuma ya pazia, hadi shangazi zake wakamwambia atautia uso madoa. Akatolewa nje akiwa na gauni la bluu na shanga kiunoni, akasimamishwa katikati ya mikeka miwili. Loku akamwelekeza kwa fimbo.

"Nora. Wewe najua mutu hii?"

Nora akamtazama Aliga kutoka viatu hadi mwanya.

"Najua," akasema. "Iko punda."

Watu wa Ajia wakashtuka. Aliga akainamisha kichwa, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Na wewe nataka yeye?"

"Nataka."